Maji Yasiyopenda Uongo

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Bute hakuna aliyemwaga maji ya moto chini bila kwanza kusema Bismillah. Yawe ni maji ya tambi au mabaki ya kuogea, ulisimama mlangoni na sufuria yako, ukalitamka neno lile kwa sauti, ukangoja kidogo, ndipo ukamwaga. Kule kungoja kulikuwa kwa ajili ya watoto wa majini, viumbe wasioonekana. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, ambaye kwa Kisomali tulimwita ayeyo, alitueleza kwamba viumbe wale wanaishi chini ya miguu yetu kama sisi tunavyoishi juu. Wana mifugo yao na harusi zao, na watoto wao hupenda kutoka nje kucheza magharibi inapoingia. Ukimwaga bila kuwatahadharisha, umemuunguza mtoto wa mtu. Na mama aliyeunguziwa mtoto, alisema ayeyo, hakai kimya. Anakuja kumtafuta wa kwako.

Mimi jambo hili halikunitisha. Nilikuwa nikingoja zaidi ya watu wazima, ili hata wale wadogo kabisa, waliokuwa bado wanajifunza kutembea, wapate nafasi ya kuondoka.

Kisha mama akajifungua mtoto wa kiume. Alikuja kabla ya wakati wake, mdogo kama paka, na akaitwa Yusuf. Hakufikisha arobaini. Jioni moja alipata homa, na kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amekwisha kwenda. Leo ninajua kwamba watoto wadogo kiasi kile huondoka kwa sababu nyingi, na kwamba homa haihitaji kutumwa na mtu. Wakati ule hakuna aliyenieleza hivyo, na sidhani ningesikiliza.

Baba alikuwa amepeleka ng'ombe sokoni Nairobi. Ayeyo naye hakuwepo. Alikuwa Buna, kwa dada yake aliyefiwa na mume, na nakumbuka vizuri kwa sababu usiku ule nililala kwenye kitanda chake. Aliyekuwa nyumbani ni Edo Dahabo, dada yake baba, aliyekuwa akiishi nasi na aliyembeba Yusuf kuliko mtu yeyote. Asubuhi, wanawake wa jirani walipojaa chumbani kutoa pole, Edo alisimama katikati yao, macho yamevimba, akamwambia mama:

"Jana jioni nilikuona. Ulimwaga maji ya tambi hapo mlangoni. Sikukusikia ukisema kitu."

Mama alimtazama. "Nilisema," akajibu. Kisha akaongeza: "Nadhani nilisema."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoyasikia kwake kwa muda mrefu.

Hakuwa bubu. Ukimwita aligeuka, ukimpa kazi alifanya. Lakini hakusema neno, na hakusogelea chochote cha moto. Alioga maji baridi hata asubuhi za upepo. Chai aliiacha mpaka ikafanya utando juu. Siku moja Edo alipita karibu naye na birika, na mama aliruka, akajibana ukutani kama mtu aliyeona nyoka. Chakula alionja, akasukuma sahani. Usiku nilipojibana kwake nilihisi mifupa ya mabega mahali palipokuwa na nyama.

Edo Dahabo alijuta, niliona. Alimsuka nywele, akampikia uji na kuuacha upoe kabisa kabla ya kumpa. Ila neno lilikuwa limeshatoka, na yeye pia aliliamini, kwa hiyo hakujua jinsi ya kulirudisha. Baba aliporudi alikaa kando ya mama kwenye mkeka jioni nzima. Alikuwa mpole, na upole wake haukumwambia la kufanya.

Habari zilifika Mandera, kwa watu wa mama. Jibu likaletwa na dereva wa lori: kaka yake angekuja kumchukua ampeleke nyumbani kwao. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia nilipowasikia wanawake wakiongea.

"Na huyu msichana?" mmoja aliuliza.

"Mtoto ni wa baba yake. Anabaki hapa."

Tangu usiku ule nililala nimeshika upindo wa nguo ya mama, nimeuzungusha mkononi.

Ayeyo, aliyekuwa amerudi kutoka Buna baada ya maziko, alisikiliza mashauri yote bila kuchangia. Kisha asubuhi moja alianza kufunga mikeka.

"Huyu hana jini," alisema. "Huyu amepoa. Nampeleka El Kulul."

El Kulul maana yake ni kisima cha moto. Hutakiona kwenye ramani za shule. Kiko chini ya vilima upande wa mpaka wa Ethiopia, mahali ambapo maji hutoka ardhini yakichemka bila mtu kuwasha kuni. Watu wa kwetu huenda huko kwa ajili ya magoti, mgongo na ngozi inayowasha. Wanawake waliojifungua huenda, na wengine hawaumwi popote, wanakwenda kupumzika tu. Ayeyo alikwenda karibu kila mwaka kwa sababu ya kiuno chake, na alirudi akitembea kama msichana na kunuka madini.

Edo Dahabo aliweka mikono kichwani. "Mama, anaogopa birika la chai! Wewe unampeleka kwenye ziwa la maji ya moto?"

"Ndiyo maana nampeleka."

"Na mkirudi hivi hivi?"

"Kaka yake atakuwa amefika," alisema ayeyo, "na sitamzuia."

Tulipanda lori lililobeba magunia ya sukari, ayeyo mbele na dereva, mimi na mama juu. Njiani tulisimamishwa na askari wa ukaguzi. Askari alikuwa kijana wa bara, naye ayeyo alikuwa na Kiswahili chake mwenyewe, alichokiokota sokoni na kukitumia bila woga.

"Mama, mnaenda wapi?"

"Kuoga."

"Kuoga? Safari yote hii?"

"Maji ya moto. Bibi ya kijana yangu ni mgonjwa. Tunaoga, tunarudi bole bole."

Askari alicheka, akarudisha kitambulisho. "Hata mimi mgongo unaniua. Mniletee kwenye chupa."

"Ikifika hapa imeboa," alisema ayeyo. "Kuja mwenyewe, na fijana wengine."

Nilikuwa nimeanza kujifunza Kiswahili shuleni na niliona aibu. Sasa mimi ni mwalimu wa lugha hiyo hiyo huko Garissa, na kila nikisahihisha insha za wanafunzi wangu naisikia sauti yake ikisema imeboa badala ya imepoa, na kalamu nyekundu inakuwa nzito mkononi.

Tulifika jua likiwa limeelekea vilimani. Kabla sijaona chochote nilisikia harufu, kama ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Halafu niliona ardhi inatoa pumzi. Ukungu mweupe ulikuwa ukipanda katikati ya mawe, polepole, ukitanda juu ya migunga mpaka miti ikaonekana kama imechorwa na mtu akaanza kuifuta. Ndani ya ukungu ule wanawake walitembea wakiwa wamejifunga vitambaa vyenye maji, na nyayo zao hazikutoa sauti. Nilidhani wale ndio wenyewe wa chini, wametoka. Ilinichukua muda kugundua kwamba mmoja wao ananung'unikia kiatu kilichopotea.

Juu kabisa, katikati ya mawe ya njano, palikuwa na jicho la chemchemi. Hapo maji yalitokota kabisa, na hakuna aliyeingia. Watu walipikia mayai hapo. Maji yaliteremka kwenye mawe hadi bwawa la wanawake, yakiwa yamepungua ukali, na chini zaidi kulikuwa na bwawa la wanaume. Kwenye bwawa letu ulihitaji tu kujua upande wa kukaa. Ukiusogelea mwamba wa upande wa juu, ambako maji yaliingilia, ulikuwa unasogelea jicho.

Ayeyo alinikalisha kabla ya kuniruhusu kugusa maji.

"Unawasalimia wenyewe wa chini kwanza. Unaingia kwa Bismillah. Hugombani humo ndani. Na zaidi ya yote, husemi uongo. Hapa ndipo jikoni kwao, na maji haya yanasikia. Mwongo yanamchemkia palepale alipo."

Akanisimulia habari ya mwanamke aliyekana ndani ya bwawa lile kwamba hakuchukua bangili ya mwenzake. Walimtoa mwekundu kama nyama.

Niliamini kila neno. Na sikuwa peke yangu, jambo ambalo msomaji lazima alielewe, maana bila hilo yaliyofuata hayana uzito. Ayeyo mwenyewe aliamini. Kabla ya kuingia majini alisimama ukingoni akikumbuka yote aliyosema tangu alfajiri, na kuyarekebisha moja moja kwa sauti.

"Nilisema tende zimekwisha. Hazijakwisha, nimezificha ndani ya mto wa kulalia. Nilimwambia yule mama kutoka Liboi kwamba mguu wake umepungua uvimbe. Haujapungua." Kisha akashusha pumzi na kuingia, taratibu, akitoa sauti ndogo kooni kama ngamia anayelala.

Siku za El Kulul hazikuwa na kingo. Asubuhi tuliamka ndani ya ukungu, tukaoga, tukalala juu ya mawe yenye joto, tukaamka bila kujua kama tumelala kidogo au sana. Wanawake walijipaka unga wa majani ya mkunazi usoni, wakawa na nyuso za kijani zinazoelea juu ya maji. Waliongea kwa sauti za chini, sentensi moja, halafu kimya kirefu, halafu jibu. Yule mama kutoka Liboi, aliyesafiri na mguu usiokunjika, alianza kusimulia habari ya ndoa yake asubuhi moja na sikumbuki kama aliimaliza. Njiwa walikuja kunywa mahali maji yalipopoa. Hata leo, siku za joto kali Garissa, ninapolala mchana, huwa naota niko pale, nusu yangu ndani ya maji na nusu ndani ya mawingu.

Mama alikaa mbali, kwenye jiwe moja, ameyapa maji mgongo. Ayeyo hakumvuta. Alichofanya ni hiki: kila asubuhi aliteka maji kwa viganja, akapanda mpaka alipokaa mama, akasema Bismillah waziwazi, akangoja, akayamwaga juu ya jiwe ili yateremke mpaka kwenye vidole vya miguu yake. Mara ya kwanza mama aliinua miguu yote miwili. Siku iliyofuata aliinua mmoja. Baadaye akaiacha yote, akawa anaitazama ikilowa. Ayeyo alirudi tu kuteka mengine, kiuno kikimuuma, akishika goti kila alipopanda.

Mwishowe, asubuhi moja ya ukungu mzito, mama aliinuka mwenyewe. Aliingia na nguo zake zote, mpaka magotini, mpaka kiunoni, akasimama. Wanawake wengine walijifanya hawaoni.

Ayeyo alimkalisha, akakaa nyuma yake na kuanza kumsugua mgongo. Mimi nilikuwa kando yao nimeshika sabuni. Alisugua kwa muda mrefu. Halafu nilimsikia akisema, kwa sauti ambayo sikuizoea:

"Binti yangu. Jioni ile mtoto alipougua, mimi nilimwaga maji ya moto. Pale pale mlangoni. Nilikuwa na haraka ya kuswali magharibi. Sikusema Bismillah. Kama kuna aliyekasirika huko chini, alinikasirikia mimi. Si wewe."

Sabuni ilinitoka mkononi. Jioni ile ayeyo alikuwa Buna. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda chake. Alikuwa amesema uongo, mkubwa kuliko ule wa bangili, na ameusema ndani ya maji yale.

Nilimtazama usoni na sitausahau uso ule. Alikuwa amefumba macho. Ameuma mdomo wa chini, na mkono mmoja umeng'ang'ania jiwe, kama mtu anayengoja kupigwa na hajui pigo litatoka upande gani. Alikuwa anangoja maji yachemke.

Mama aligeuka.

"Wewe?" Sauti ilitoka kavu, imekwaruza.

"Mimi."

"Ni wewe?"

"Ni mimi, binti yangu."

Mama akapiga kelele. Sijawahi kusikia tena sauti kama ile kwa binadamu. Aliyapiga maji kwa mikono yote miwili mpaka yakaturukia usoni. "Siku zote hizi! Unanitazama nakauka, unanitazama, na kumbe ni wewe! Yusuf wangu! Yusuf!" Tulikuwa hatujalisikia jina lile tangu maziko. Mama alikuwa analia na kurudi nyuma, anarudi nyuma, mikono mbele kana kwamba anamsukuma ayeyo bila kumgusa, na ukungu ukamfunika mpaka nikawa namwona kichwa tu. Alikuwa anaelekea mwamba. Alikuwa anaelekea jichoni.

"Hooyo!" niliita. Mama! Hakusikia.

Ayeyo, mwenye kiuno kile, aliruka. Alimfikia, akamkumba kwa bega na kumrudisha upande wa bwawa, na mguu wake mwenyewe ukateleza kwenye jiwe na kuzama mahali maji yalipotokota. Hakulia sana. Alisema tu "Ah," kama mtu aliyekumbushwa jambo.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka kuliko siku zote tulizokaa kule. Mama alimshika ayeyo kwapani, akamburuta mpaka kwenye mawe makavu, na akaanza kutoa amri. Mama yangu, ambaye hakuwa amesema neno kwa wiki nyingi!

"Maji baridi, leteni maji baridi! Hibo, usisimame hapo. Kimbia ukavunje mshubiri, ule mnene, ulete jani zima!"

Nilikimbia. Niliporudi alikuwa ameuweka mguu wa ayeyo ndani ya ndoo na anaupulizia kana kwamba upepo wa mdomo wake ungefaa kitu. Ngozi ilikuwa imeanza kutoka. Mama alipasua jani la mshubiri na kuipaka utomvu polepole, na alikuwa bado analia, na bado ana hasira, na kati ya kwikwi alisema, "Mzee mjinga. Kuruka hivyo. Mzee mjinga." Ayeyo alilala chali na kuangalia ukungu, na kama si maumivu ningesema alikuwa anatabasamu.

Wanawake walinong'ona, bila shaka. Walisema wenyewe wa chini wamelipa kisasi, kwamba maji yamemuunguza aliyesahau kusema Bismillah. Hakuna hata mmoja aliyejua nilichokuwa nakijua mimi, kwamba kama maji yalimuunguza kwa haki, yalimuunguza kwa sababu nyingine.

Jioni hiyo ayeyo alitetemeka kwa baridi, na mama akawasha moto. Alichemsha chai, akatia maziwa na iliki, akampa mwenzake na kikombe kingine akashika mwenyewe. Alikishika kwa viganja vyote viwili kwa muda mrefu. Kisha akanywa.

Siku ya kurudi, ayeyo alipakiwa nyuma pamoja nami, mguu juu ya magunia, na mama akakaa mbele. Nilingoja lori lianze kunguruma vizuri.

"Ayeyo, jioni ile hukuwa Buna?"

Aliniangalia. "Nilikuwa Buna."

"Basi ulisema uongo ndani ya maji."

"Nilisema."

"Ndiyo maana yakakuunguza."

Akautazama mguu wake uliofungwa kitambaa, akaugeuza huku na huku. "Yameniunguza kidogo tu," alisema, na nilisikia mshangao wa kweli katika sauti yake. "Mimi nilidhani yatanichukua mzima. Wenyewe wana huruma kuliko tunavyowasema." Halafu akanishika sikio, si kwa ukali. "Na wewe hukusikia kitu. Unaelewa? Mpaka nife."

Mjomba alifika kutoka Mandera siku chache baadaye. Alimkuta dada yake uani anapika, mkono kiunoni, anamwamuru Edo Dahabo aongeze chumvi. Alikula, akalala, akakaa mpaka Ijumaa, na akarudi Mandera peke yake na mbuzi wawili wa heshima aliopewa na baba. Kati ya mama na ayeyo, lawama yote ilikuwa ya ayeyo, na aliibeba bila kunung'unika. Kwa muda mrefu mama hakumtazama usoni, lakini ni yeye aliyembadilishia kitambaa cha mguu kila asubuhi mpaka kidonda kikafunga. Kazi ile ndogo ya kila siku iliwarudisha pamoja, sijui siku gani hasa. Wakazaliwa wadogo zangu wawili, na ayeyo ndiye aliyewapokea. Alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Alifariki nikiwa chuo cha ualimu, na agano letu likaisha, lakini nilikuwa nimelizoea kiasi kwamba niliendelea kulitunza.

Likizo iliyopita nilimpeleka mama El Kulul. Sasa magoti yamemwanza yeye. Njia imechongwa, na mtu amejenga ukuta wa saruji kati ya bwawa la wanawake na la wanaume, na kijana mmoja anauza soda na taulo. Kulikuwa na wasichana kutoka Nairobi waliokuja kustarehe, wapole, wakijipiga picha kwenye ukungu. Mmoja aliniuliza, "Madam, huku network hushika wapi?" Nikamwonyesha kilima. Daktari wa mama amemwambia maji haya yanafaa viungo, na mimi mwenyewe nimesoma kuhusu mawe yenye joto chini ya ardhi na jinsi mvua inavyozama na kurudi ikiwa imechemka. Ninaamini hivyo. Lakini nilisimama ukingoni, nikawasalimia wenyewe wa chini.

Tulikaa kwenye maji, mimi na yeye, mpaka wasichana walipoondoka. Ukungu ulikuwa umetuzunguka na hatukuona ukuta wala soda. Nikaona nisife na jambo lile. Nikamweleza: Buna, kitanda, sabuni iliyonitoka mkononi, mazungumzo ya kwenye lori.

Mama alisikiliza amefumba macho.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Kabla hajamaliza kusema. Mimi ndiye niliyemsindikiza kupanda gari la Buna."

Sikuelewa. "Mbona basi ulimpigia kelele vile? Mbona ulimkasirikia?"

Maji yalipanda na kushuka shingoni mwake. "Nilikuwa na hasira nyingi, Hibo, na sikuwa na mtu wa kumpa. Zilikuwa zinanila mimi. Yeye akaja akasema, nipe mimi. Nikampa." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi: "Na nilimwona anavyoogopa. Alijua maji yatamchemkia, na akasema vilevile. Nilikuwa nadhani sina mtu katika nyumba ile."

"Na hukumwambia kwamba unajua?"

"Angeona uongo wake umepotea bure."

Nimelifikiria hilo tangu siku ile. Miaka yote nilidhani nilikuwa nikimtunzia mama siri ya ayeyo, kumbe wao wawili walikuwa wakitunziana, kila mmoja akimwachia mwenzake heshima ya kudhani amefaulu. Wanafunzi wangu huniuliza kama mambo ya wazee ni kweli au si kweli, na huwa nawajibu kama mwalimu anavyopaswa kujibu. Moyoni nafikiri swali langu lingekuwa jingine: kama wao wenyewe waliyaamini. Ayeyo aliamini kabisa kwamba maji yale yataumiza mwili wake, na kwa hiyo alipoingia nayo vitani hakuwa anacheza. Mtu asiyeamini angeweza kusema maneno yale yale na yasingemponya mtu yeyote.

Jua lilianza kupenya ukungu. Nilidhani mama amesinzia, kisha akaanza kuzungumza, taratibu, macho bado yamefumbwa. Alisema Yusuf alikuwa na kidoti nyuma ya sikio la kushoto. Alisema alikuwa akinyonya na kusahau, akinyonya na kusahau, na ukimpuliza usoni anashtuka na kuanza upya kama mtu aliyechelewa kazini. Alisema nilipomshika mara ya kwanza nilimwambia mtoto "karibu", kama tunavyomwambia mgeni. Mimi sikukumbuka. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na sikuwa nimewahi kumsikia akisimulia habari za ndugu yangu. Nilisogea karibu naye na kunyamaza, ili asije akaacha.